Tulivyobisha Hodi kwa Wafalme Waliolala, Guilin

Ndugu na marafiki wa Jakobsberg, Sundbyberg na kwingineko, mmeniuliza sana ilikuwaje. Wengine mmeniuliza huku mnazuia kicheko, kwa hiyo najua mmeshasikia kwa dada yangu Esperansi. Anavyosimulia yeye pale nje ya kanisa, sisi tulipokelewa na mfalme wa Uchina aliyekufa zamani, na kila Jumapili mfalme huyo anaongezeka kimo. Jumapili iliyopita alikuwa ameshaanza kuongea. Naandika haya kabla hajamwoa.

Kwa asiyejua: binti yangu Neema anafundisha watoto wadogo katika mji wa Guilin, kusini mwa Uchina, na huko amepata kijana, Wei, fundi wa madaraja. Familia ya Wei ilituita tukale nao chakula tukiwa wazazi, wanione, niwaone, kisha niseme ndiyo au hapana. Mama Neema alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Akasema, "Nenda na dada yako. Wewe ukinyamaza, yeye ataongea." Jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu, ni kwamba mfukoni nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu niliyoiandika mwenyewe. Ilianza kwa shukrani, na ikaishia kwa adabu nyingi kwenye neno "hapana". Uchina ni mbali. Nilikwisha kuondoka kwetu Uvira nikaacha watu. Sikutaka tena mtoto wangu aondoke aniache mimi.

Jakobsberg hadi uwanja wa ndege

Mimi naendesha basi hapa Stockholm, mwaka wa kumi na sita sasa. Sijawahi kupotea. Nalisema hili mapema ili mjue nilikuwa na kiburi kiasi gani.

Dada Esperansi alinikuta kituoni Jakobsberg, kwetu Järfälla, na masanduku mawili na mfuko mmoja. Sanduku la kwanza lilikuwa na vitenge vya wakwe. La pili lilikuwa na ndagala wakavu, dagaa wa kwetu, kutoka kwa mama mmoja wa Kirundi anayewauza Märsta, na mwiko wa kusongea bugali, mrefu kama mkono wangu, zawadi ya jiko la Neema.

"Dada, huko hawali bugali."

"Watakula."

Tulibadilisha treni mjini, na baada ya Upplands Väsby behewa zima likaanza kunusanusa. Mzee mmoja Mswidi aliyekaa mbele yetu aliinama akauliza kwa upole kama kuna mnyama ndani ya sanduku. Dada akafungua, akamchagulia ndagala mmoja aliyenona. Mzee hakuwa na pa kukimbilia. Alimtia mdomoni, akatafuna huku anaangalia dirishani, kisha akasema, "Intressant," neno la Mswidi asiyetaka kukosa adabu.

"Amesemaje?" dada aliniuliza, maana Kiswidi chake ni cha dukani.

"Amesema ni watamu."

Akampa wengine watano.

Doha

Ndege ilipokuwa inapaa dada aliomba kwa sauti, kama anavyoomba kwenye mkesha. Jirani yake, baba mmoja mwenye tasbihi, naye akaanza ya kwake. Kila mmoja alingoja mwenzake amalize, wakasema "Amina" pamoja, wakagawana karanga. Doha tulikaa saa saba tukitazama watu wananunua dhahabu kama mtu anavyonunua nyanya. Hakuna zaidi.

Guangzhou: kesi ya mwiko

Guangzhou tulitakiwa kupanda treni ya kasi kwenda Guilin. Kule mizigo inapitishwa kwenye mashine ya kuangalia ndani hata unapopanda treni. Masanduku ya watu yanapita, letu likasimama. Askari mmoja, dada mdogo mwenye kofia, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Wote watatu wakaangalia kwenye kioo kile kitu kirefu kilichopanuka mwishoni.

Mwiko ukatolewa. Mkubwa wao akaupima uzito mkononi, akafanya ishara ya kumpiga mtu kichwani, kisha akaniangalia mimi.

"Hapana, hapana!" nikasema kwa Kifaransa, sijui kwa nini Kifaransa.

Dada Esperansi akanisogeza pembeni. Akaomba kikapu cha plastiki wanachowekea funguo na mikanda, akakiweka sakafuni, akakibana kwa miguu, akashika mwiko kwa mikono miwili, akaanza kusonga. Alisonga kweli. Akageuza, akakandamiza, akapangusa jasho, akachota tonge lisilokuwepo, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachovya mchuzi usiokuwepo, akala, akafumba macho. Foleni nzima nyuma yetu ikanyoosha shingo. Yule askari mdogo akacheka, akasema kitu, na yeye akaonyesha kwa mikono jinsi bibi yake anavyokoroga sufuria. Wakakorogana hivyo kwa muda mrefu. Mwiko ukarudishwa kwa mikono miwili, kwa heshima.

Tulipofika mlangoni treni yetu ilikuwa imeondoka.

Ndani ya treni iliyofuata

Simu yangu ilikuwa imefanya kazi vizuri mpaka Doha. Ilipofika Uchina ikasusa. Mama mmoja aliyekaa karibu nasi alitukopesha yake nikampigia Neema.

"Papa! Var är ni? Mko wapi?"

"Tumechelewa. Mwiko."

"Mwiko gani?" Akavuta pumzi. "Sikiliza. Siwezi kuja kituoni, lazima niwe na wazee. Bibi yake Wei ameshafika, na bibi ndiye mwenye neno la mwisho. Chukueni teksi. Mwambie dereva *Wangcheng*. Ni jumba la zamani la ukoo wa wafalme wa hapa, katikati ya mji. Hoteli ya chakula iko mbele ya lango lake. Andika, Papa."

"Mimi siandiki majina ya vituo," nikamwambia. "Nayaweka kichwani."

Na nikaliweka. Kila kituo kigeni mimi nakifunga kwenye kituo ninachokijua, ndiyo njia yangu. Hili la Wang nikalifunga Vällingby, nilikoendesha miaka minne, nikaona limekaa vizuri.

Yule mama akatukaribisha chakula: miguu ya kuku, imekolea pilipili, ndani ya karatasi ya plastiki. Alituangalia kwa wasiwasi kama tutaweza. Alikuwa hajui anaongea na watu wa Uvira. Dada alimaliza wake, akanyonya vidole, akaangalia wa kwangu. "Huyu ni mtu wetu," akasema. "Muulize kama ana mtoto wa kiume mwingine." Sikujua nimuulize kwa lugha gani, na huyo hakuwa hata mkwe wetu.

Nje milima ilianza kuchomoza kutoka kwenye mashamba ya mpunga, mmoja mmoja, imesimama wima kama mikate iliyoumuka kupita kiasi. Nilitoa hotuba yangu nikaisoma tena. Kwenye ukurasa wa tatu nilifuta "hapana" nikaandika "bado". Kisha nikafuta "bado".

Teksi, na jumba la wakwe

Dereva wa teksi alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa anakula mbegu. Tulikuwa tumeshavaa vitenge kwenye choo cha kituo, dada na kilemba chake kikubwa cha njano, mimi shati la kitambaa hichohicho. Nikaketi, nikafunga mkanda, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake:

"Wangling."

Mwanamke akaacha kutafuna. Akaangalia vitenge. Akaangalia masanduku. "Wangling?"

"Wangling," nikasema, na nikamfanyia dole gumba.

Niliona mji unapungua badala ya kuongezeka. Maduka yakaisha, ikaja miti. Dada akauliza kama katikati ya mji wa Uchina ndiko kuko hivi. Nikamwambia kila nchi na mipango yake. Tukashushwa chini ya mlima mmoja, mbele ya ukuta mwekundu wenye lango kubwa la vigae vya kijani. Teksi ikageuza ikaondoka haraka kidogo.

"Eh, Deo," dada akasema polepole. "Hawa watu ni matajiri."

Nami moyo ukanishuka. Nilitegemea kusema hapana kwa fundi wa madaraja. Sasa nitasemaje hapana kwa watu wenye lango namna hii?

Tulipita langoni, pale kwenye kibanda wakatupa tiketi. Dada akasema ni vizuri, wanahesabu wageni ili chakula kitoshe. Ndani kulikuwa na njia moja ya mawe, imenyooka. Kushoto na kulia kwake wamesimama wanyama wa mawe, wawili wawili, wanaangaliana: simba, tembo, farasi na mtu wa kumshikia hatamu. Mbele yao watu wa mawe wenye mikono iliyokunjwa kifuani. Nyuma yao lango la pili, na nyuma ya lango hilo ukumbi wenye nguzo nyekundu. Hakuna sauti ila ndege.

"Hawajatoka kutupokea," dada akanong'ona.

"Labda hawajasikia."

Hilo lilikuwa kosa langu, kumwambia Esperansi kwamba watu hawajasikia. Aliweka mfuko chini, akarekebisha kilemba, akavuta hewa yote ya mkoa ule, akapiga vigelegele. Virefu, vya harusi ya kweli, vya kuita mtaa mzima. Vikagonga ukuta vikarudi. Ndege wakaruka kutoka mitini. Nyuma ya tembo wa jiwe akachomoza mzee mmoja na ufagio, mdomo wazi.

Dada akamwendea mikono miwili mbele, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mkwe! Hodi hapa! Tumefika!"

Mzee akaangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine. Kisha akatoa simu, akaongea nayo, akaielekeza kwetu. Simu ikasema kwa Kiswahili safi cha mtangazaji wa redio:

"Mnamtafuta nani?"

Tulifurahi kama watoto. Dada akaikaribia akapaza sauti. "Tunamtafuta mwenye nyumba!"

Mzee akasikiliza tafsiri. Akafikiri. Akajibu.

"Mwenye nyumba amelala," ikasema simu.

Dada akanigeukia. "Amelala? Saa nane ya mchana? Wageni wametoka Ulaya?"

"Muulize ataamka saa ngapi," nikasema.

Akauliza. Mzee alisoma kwenye simu, akaisogeza karibu na macho, akasoma tena. Akaketi kwenye mguu wa tembo. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Haamki," simu ikasema. "Amelala tangu enzi ya Ming."

"Ming ndiye mke wake?" dada akauliza.

Na mimi, naomba mnisamehe, wakati huo nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimepata sababu. Nikamwambia dada kwamba hii ni dharau, kwamba ukoo unaowaacha wageni wasimame juani na mwenye nyumba yuko kitandani si ukoo wa kumpa binti, na kwamba nitampigia Neema sasa hivi nimwambie. Namba yake niliiandika kwenye daftari; namba huwa naandika. Mzee akanipa simu yake huku anajifuta machozi.

"Neema, tumefika. Tuko ndani ya uwanja. Mkwe amelala, amekataa kuamka."

"Papa, baba yake Wei yuko hapa. Amekaa mbele yangu, anamenya karanga."

"Basi huyu aliyelala ni nani?"

"Unaona nini hapo ulipo?"

"Tembo wa mawe. Watu wa mawe. Ukumbi. Halafu nyuma ya ukumbi kuna kilima cha mviringo chenye nyasi, kimezungushiwa..."

Sikumaliza. Niliona kile kilima, na niliona jinsi njia nzima, na malango yote, na tembo wote, walivyopangwa kuelekea pale. Hakuna nyumba iliyojengwa hivyo kwa ajili ya mtu anayetoka nje.

"Men pappa, lakini Papa," Neema akasema kwa sauti ndogo sana. "Nilisema Wangcheng. Hapo ni Wangling, makaburini."

Makaburini

Nilitegemea atanifokea. Badala yake alianza kulia, na hapo ndipo safari yangu ilipogeuka.

"Bibi yake anaamini mambo ya bahati," alisema. "Alichagua hii siku mwenyewe, alichagua hadi meza. Na ninyi mmekwenda kwanza kwenye makaburi, na nguo za sherehe! Atasema ni ishara mbaya. Atakataa, Papa. Atakataa."

Neno hilo, atakataa, nililibeba mimi kurasa tatu kutoka Stockholm. Nilipolisikia linatoka upande wa pili, likiwa limemlenga mtoto wangu, nilikasirika. Nani amkatae Neema? Kwa kosa gani? Nikamwambia asimpe mtu yeyote simu, tunakuja.

Lakini gari halikuwepo. Mzee wa ufagio, ambaye sasa alikuwa mtu wetu wa karibu, aliita moja kwa simu yake, na tulipokuwa tunangoja akaona si vizuri watu wametoka mbali hivi waondoke bila kuelewa. Akatupeleka kwenye ramani iliyochorwa ukutani. Nami kama dereva nikaisoma upesi. Njia kuu moja, haina kona. Ukuta wa nje, lango. Ukuta wa ndani, lango. Ukumbi wa kutolea sadaka. Na kituo cha mwisho, kilima. Huyu alikuwa mmoja tu wa watawala. Mlima wote umejaa jamaa zake, vizazi na vizazi, kila mmoja na uwanja wake: mtawala ana ukuta mpana na mawe mengi, mwenye cheo kidogo ana mawe machache, na wengine wana kilima tu kwenye majani. Babu yao, simu ikatueleza, alitumwa kutoka kwa Kaisari, mbali, aje kutawala huku kusini. Watoto wake hawakurudi tena. Walizaliwa hapa, wakagombana hapa, wakapangwa hapa.

Dada alisikiliza yote kwa makini. Kisha akauliza simu, "Na shangazi wako wapi?"

Mzee hakutegemea swali hilo. Akaangalia ramani, akaelekeza kidole mbali, pembeni kabisa, kwenye miti, kama mtu asiye na hakika.

"Kule? Vichakani?" Dada akashika kiuno. "Nani alimlea huyu wakati mama yake anajifungua wengine? Nani alimtafutia mke? Deo, mimi mkinizika vichakani nitarudi."

Akaenda mpaka mwisho wa ukuta, akasimama anaangalia ile miti, akawapungia mkono shangazi wote wa ukoo ule. Mzee wa ufagio naye akapunga. Nikapunga na mimi, maana kusimama tu ilikuwa aibu. Tulipokuwa tunaondoka dada alimwachia mzee nusu ya ndagala. Akawanusa, akakunja uso, kisha akawafunga vizuri akawatia ndani ya koti.

Wangcheng, mbele ya wakwe

Tulifika saa kumi. Meza ya mviringo, watu kumi, chakula kimeshapashwa moto mara mbili. Baba yake Wei alisimama akanishika mkono bila kutabasamu. Wei alikuwa amelowa jasho. Neema macho mekundu. Na mbele kabisa, kwenye kiti kinachoangalia mlango, bibi mdogo kama kuku, nywele nyeupe, anatuangalia kuanzia kilemba mpaka viatu.

Hakuna aliyegusa chakula. Dada peke yake alikuwa ameona sahani ya majani mabichi kama mchicha, yaliyokaangwa na kitunguu saumu. "Lenga-lenga!" akasema, kama aliyekutana na mtu wa kwao kituoni. Nikamkanyaga chini ya meza.

Bibi akasema kitu kifupi. Neema akainamisha kichwa, hakutafsiri. Wei naye akajifanya anatafuta kitambaa. Bibi akarudia. Baba yake Wei akasema jambo la kumtuliza, bibi akamsukuma mkono, akachukua simu ya mjukuu mezani, akaiongelesha mwenyewe kwa ukali.

Simu ikaniuliza, mbele ya wote: "Wewe utazikwa wapi?"

Jamani. Mnajua sisi wenyewe tunavyolikimbia swali hili. Mara ngapi tumekaa hapa Sundbyberg baada ya msiba, tunachanga, tunabishana kama mwili usafirishwe au ubaki, kila mtu anaangalia kikombe chake? Nilifikiria Uvira, kaburi la baba yangu nisiloliona miaka ishirini. Nilifikiria wale wa mlimani waliotumwa mbali wakabaki huko na watoto wao pembeni. Nilitaka kusema jambo la maana. Kilichotoka ni hiki:

"Järfälla, bibi. Lakini si mwaka huu."

Simu ikatafsiri. Bibi aliikodolea macho. Kisha akapiga meza kwa kiganja, vijiti vikaruka, akacheka cheko kubwa la mtu mara tatu ya ukubwa wake. Akasema maneno mengi, na safari hii Neema alitafsiri huku anacheka na kulia pamoja: kwamba bibi alikuwa hajali tulikopita, mtu mwenye adabu husalimia wakubwa hata wakiwa wamekufa, kilichomnyima usingizi ni kwamba sisi tutamchukua Wei tumpeleke kwenye barafu, na yeye akifa hapatakuwa na mtu wa kufagia kaburi lake. Sasa amemwona baba mtu asiyerudisha watu kwao kwa nguvu, kwani hata yeye mwenyewe atazikwa alikohamia.

Hotuba ilikuwa mfukoni. Niliigusa, nikaiacha.

Kulikuwa na samaki mzima katikati, kichwa kimenielekea mimi. Bibi alinyanyuka, akachomoa kwa vijiti nyama laini ya shavuni, akaiweka kwenye bakuli langu. Meza nzima ikaniangalia. Nikaitia mdomoni yote, nikaona Neema ananitazama kama alivyokuwa ananitazama siku yake ya kwanza ya shule Jakobsberg, mkono kwenye mlango, na sikuweza kungoja nimeze.

"Ndiyo," nikasema, mdomo umejaa samaki.

Neema akaruka. "Papa! Mwiba? Amekwama mwiba!"

Wei akaleta maji, dada akaanza kuomba, na baba yake Wei, yule asiyetabasamu, akazunguka meza mbio akaanza kunipiga mgongoni kwa ngumi.

"Ndiyo," nikasema tena, na kila nilipofungua mdomo kurudia, mkwe wangu alizidi kunipiga.